Geuza Vali Moja, Subiri Bomba Litulie

Mkinikuta nimekaa barazani, kichwa nimekiinamisha upande, msidhani nasinzia. Nasikiliza. Nimestaafu, spana yangu nimeshamkabidhi mwingine, lakini bomba linalopita mbele ya nyumba yangu halijapata habari hiyo. Kila asubuhi maji yakifunguliwa linanisalimu, nami naliitikia. Majirani wamezoea. Wageni ndio huulizana kama bibi huyu ni mzima.

Nawaandikia nyinyi vijana mlioomba kazi ya maji, na nyinyi ambao hamkuomba ila mmejikuta mmepewa. Mimi ni Somoe. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa maji katika kijiji chetu, ndani zaidi ya Milola, huko ambako mikorosho ni mingi kuliko nyumba. Mwanzoni wanaume walinicheka. Mwanamke na spana! Baadaye mabomba yao yalipoanza kukohoa, walikuja wenyewe mlangoni: "Hodi, Fundi. Hodi, mama."

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chilumba, mtu mfupi, mwenye maneno mengi na viatu visivyofanana. Somo lake la kwanza lilikuwa kipande cha nondo. Alikiegemeza kwenye bomba, ncha ya juu akaniwekea kwenye mfupa wa nyuma ya sikio.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Basi kaa hapo mpaka usikie. Mimi nakwenda kunywa chai."

Akaenda kweli. Nikakaa. Aliporudi, nilikuwa nimeshajua kwamba maji yanayopita vizuri yana sauti ya mchele unaopetwa, na hewa iliyonasa inagugumia kama mtu anayetaka kusema jambo akajizuia. Mahali panapovuja pana sauti nyembamba, kama mchanga unaochuruzika kutoka kwenye kiganja. Hakuna kitabu nilichosoma kabla ya hapo kilichonifungulia dunia kama kile kipande cha chuma.

Somo la pili lilikuwa la mikono. "Geuza vali moja," alisema, "taratibu, kisha subiri bomba litulie. Likitulia, ndipo uiguse nyingine. Maji ni mzigo unaokimbia, Somoe. Ukiufungia mlango ghafla, unaupiga ukuta." Mabomba yetu ya zamani yalikuwa makavu kama vigae. Ukifunga vali kwa pupa, unasikia kishindo chini ya ardhi, na baada ya kishindo unaona tope.

Msifikiri nilikuwa hodari tangu siku ya kwanza. Bomba la kuchotea la Sokoni liliwahi kukauka, nikachimba mtaro wa kutoka hapa mpaka pale, nikakata bomba mara mbili, nikatangaza kwamba kuna mzizi umeziba. Mzee Chilumba akaja, akafungua kichwa cha bomba kwa mkono, akatoa chura. Chura mzima, mnene, aliyetutazama kama sisi ndio tumemvamia. Kwa muda mrefu baada ya hapo Sokoni nzima iliniita Mama Chura, na watoto wao wakaja kuniita hivyo bila kujua sababu. Tangu siku hiyo naanzia kwenye kitu kilicho karibu. Fungua kichwa cha bomba kabla hujashika jembe.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Pampu ya dizeli tuliyoizungusha kwa mkono mpaka mabega yakalia imeondoka, zimekuja paneli za jua zisizopiga kelele. Mabomba ya plastiki yanakunjika kama miwa michanga. Nayafurahia yote. Lakini jambo nililotaka hasa kuwaeleza halikuhitaji mtambo mpya wowote. Lilihitaji mpangilio wa namba, kandambili nne, na watu wa Mtakuja.

Kijiji chetu kina vitongoji vinne: Majengo, Sokoni, Mtakuja na Kilimani. Tangi liko kwenye kilima kirefu kupita vyote. Maji hushuka kutoka tangini hadi kwenye chemba, yaani shimo lililojengewa kwa saruji na kuwekewa mfuniko, na humo ndani mna vali nne, moja kwa kila kitongoji. Tangi halitoshi kunywesha vitongoji vyote kwa siku moja. Kwa hiyo tangu mwanzo kijiji kilipanga zamu: leo Majengo, kesho Sokoni, kisha Mtakuja, kisha Kilimani. Vali moja wazi, tatu zimefungwa. Sikukuu ya Idd pekee ndipo tulipozifungua zote, kila nyumba ipate kidogo ya kupikia. Watu wetu huazimana jembe, chumvi, hata nguo ya harusini. Zamu ya maji hawaazimani.

Sasa, bomba jipya la Kilimani lilipotandazwa, kila zamu yao ilipofika nilifungua vali yao na maji hayakufika. Tone halikuonekana. Siku ya Idd pia, wenzao wakichota, Kilimani walikuwa na bomba la kutazama. Nilisikiliza kwa nondo mstari mzima ule nilioonyeshwa kwenye ramani, nikasikia udongo tu. Waliolitandaza walikuwa wameshaondoka, na ramani waliyotuachia ilionyesha mstari ulionyooka kama uzi uliokazwa. Mtu yeyote aliyewahi kupanda Kilimani anajua kuwa huko hakuna kitu kilichonyooka.

Kilimani ndiko iliko zahanati yetu. Nesi Fatuma alikuwa peke yake pale, na chumba cha kujifungulia alikisafisha kwa maji yaliyopanda kilima kichwani mwa watu. Mjamzito anapanda huku ameshika kiuno, na nyuma yake dada yake anapanda na ndoo. Nesi akaja kwangu, akakaa kwenye kizingiti.

"Dada Fundi, nimechoka kuwaosha watoto kwa kikombe. Nimeshawaambia wakubwa wangu: maji yasipofika, chumba nakifunga. Waende Lindi."

"Kwa usafiri gani? Kwa bodaboda?"

"Kwa bodaboda. Sitaki kumuua mama wa mtu kwa uchafu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwenyekiti wetu, Bwana Nanguka, alikuwa na wazo lake. Mkutano wa kijiji uliokuwa unakuja ungeamua bomba la Kilimani ling'olewe, vipande vyake viongezwe Sokoni ambako watu wanazidi. "Bomba lisilo na maji ni chuma chakavu kilichozikwa," alisema. Vijana walishaambiwa wanoe majembe. Kwa hiyo mjue mambo yalipokuwa yamefika: bomba likitoka ardhini, zahanati inabaki bila chumba cha uzazi, na halirudi tena.

Aliyetusaidia ni Mwalimu Tekla, msichana wa kutoka upande wa Newala, anayefundisha hesabu sekondari. Alikuwa amepanga chumba jirani na zahanati, naye alipanda na ndoo kama wenzake. Siku moja alishuka akanikuta chembani na Mzee Chilumba. Mzee alikuwa ameshaacha kazi wakati huo, lakini alikuja kila siku kunikosoa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo Fundi."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee. "Wamakonde nao wanakunywa maji? Nilidhani mnayaogopa."

"Tunakunywa, mzee. Wamwera wakitubakishia."

Mzee akacheka mpaka akashika ukingo wa chemba. Tangu hapo alimpenda. Mwalimu akachungulia ndani.

"Hizi vali mmezijaribu vipi?"

"Moja moja," nikasema, "kwa zamu. Na Idd zote."

"Na mbili mbili?"

"Mbili za nini, Mwalimu? Zamu ni ya kitongoji kimoja."

Akazihesabu vali kwa kidole. Kisha akatoa chaki mfukoni, maana walimu hutembea nayo kama sisi tunavyotembea na spana, akapiga magoti juu ya mfuniko wa chemba na kuandika. Nitawaeleza kama alivyonieleza, nami sikuwa nimesoma zaidi ya darasa la saba.

Vali iliyofungwa iite sifuri. Iliyo wazi iite moja. Kisha kila vali ipe uzito wake, kila mmoja mara mbili ya uliotangulia: Majengo moja, Sokoni mbili, Mtakuja nne, Kilimani nane. Jumlisha zilizo wazi tu. Zote zimefungwa, sifuri. Majengo na Sokoni wazi, tatu. Zote wazi, kumi na tano. Ajabu yake ni kwamba hakuna namna mbili zinazogongana. Ukiniambia "sita", najua bila kuuliza kwamba Mtakuja na Sokoni ziko wazi, basi. Namna zote ni kumi na sita, na sisi tulikuwa tumejaribu sita tu: kufunga zote, kufungua zote, na kila moja peke yake. Zamu yetu, ambayo tuliipenda kwa sababu ya haki yake, ilikuwa imetuficha nyingine zote.

"Kwa hiyo tuhesabu," akasema Mwalimu. "Sifuri mpaka kumi na tano. Moja kati yake huenda ikapeleka maji Kilimani."

Mwenyekiti alikubali kutupa maji ya tangi moja kwa jaribio. Nesi Fatuma akasimama kule juu kwenye bomba lake, simu mkononi. Sisi tukaingia kazini, na Mwenyekiti mwenyewe akaja, shati jeupe, asije akaambiwa hakushiriki.

Sifuri ilikwenda vizuri. Moja, Majengo wazi, vizuri. Kwenda mbili ilibidi tufunge Majengo na kufungua Sokoni, vali mbili, na kila moja ina kusubiri kwake. Tatu ilikuwa nyepesi. Kufika nne ndipo palipotushinda. Tatu ni Majengo na Sokoni wazi. Nne ni Mtakuja peke yake. Vali tatu za kugeuza kwa ajili ya kuongeza moja tu! Jua lilikuwa linakwenda, tangi linashuka, na Mwenyekiti akasema, "Kwani lazima kusubiri? Tuko watatu. Kila mtu ashike yake, tugeuze pamoja." Mzee Chilumba akashika Sokoni, mimi Majengo, Mwenyekiti akashika Mtakuja.

Tuligeuza pamoja. Ardhi ikasema *dum*. Kiungo cha kuingilia chembani kikaachia, na mnara wa maji na tope ukampata Mwenyekiti kifuani, ukampanda, ukatokea upande wa pili. Shati jeupe likawa rangi ya kichuguu. Alisimama, tope linamdondoka kidevuni.

"Nne hiyo," akasema Mzee Chilumba.

Kule juu Nesi akapiga simu: "Fundi, nimesikia kishindo. Ni maji yanakuja?"

Nilifunga kiungo kile kwa mpira wa baiskeli na bano la chuma. Ketini, nanyi jifunzeni: kata ukanda wa tairi la ndani, uvute mpaka ulie, uzungushe ukipandana nusu kwa nusu, kisha kaza bano. Utakufikisha mpaka pesa ya kiungo kipya ipatikane. Lakini tangi lilikuwa tupu, na Mwenyekiti alikwenda kuoga akisema mambo ambayo siyaandiki. Mwalimu Tekla alipanda Kilimani bila kuaga, na ndoo yake haikuwa na kitu.

Alirudi siku iliyofuata baada ya vipindi, mwenye furaha kama mtu aliyepata barua.

"Fundi, kosa si lako wala la bomba. Kosa ni mpangilio. Namba za kawaida hazijali vali. Zikitoka tatu kwenda nne zinageuza tatu. Zikitoka saba kwenda nane zinageuza zote nne. Kumbe kuna mpangilio mwingine unaopita namba zilezile, kila hatua vali moja tu."

"Wewe Mwalimu," akasema Mzee, "hiyo ni sheria yangu. Umeitoa wapi?"

"Kwenye hesabu, mzee."

"Basi hesabu imeniibia."

Akatuomba kandambili. Tukavua, akazipanga nne ukingoni mwa chemba: ikitazama juu ni wazi, kifudifudi imefungwa. Kisha akaandika kwa chaki, na hapa fungueni macho, maana ni jambo dogo na zuri.

Andika namba ya kawaida kwa moja na sifuri, Kilimani kushoto kabisa, Majengo kulia kabisa. Chini yake iandike tena, ila uisogeze hatua moja kulia, ya mwisho idondoke, na nafasi iliyobaki kushoto uijaze sifuri. Sasa linganisha ya juu na ya chini, moja baada ya nyingine. Zikifanana, andika sifuri. Zikitofautiana, andika moja. Chukua nne: 0100. Isogeze: 0010. Linganisha: 0110. Hiyo ni sita, yaani Mtakuja na Sokoni. Fanya hivyo kwa namba zote kwa zamu yake, unapata safari hii: sifuri, moja, tatu, mbili, sita, saba, tano, nne, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano, kumi na nne, kumi, kumi na moja, tisa, nane.

"Moja, tatu, mbili," Mzee akarudia. "Ukimhesabia mtu mbuzi hivyo, mtafika kwa balozi wa nyumba kumi."

"Zigeuze kandambili, mzee, uone."

Akageuza. Majengo. Sokoni. Majengo. Mtakuja. Majengo. Sokoni. Majengo. Kilimani. Kila mara kandambili moja, na kila mara picha mpya ambayo haijawahi kutokea. Akarudia, haraka zaidi, na mdomo wake ukaanza kuimba wenyewe: Majengo, Sokoni, Majengo, Mtakuja, Majengo, Sokoni, Majengo, Kilimani. Nikaitambua sauti ile. Ni mapigo ya wanawake wanaotwanga pamoja, mmoja anapiga kila baada ya pigo, mwenzake anapiga kwa nafasi, mwingine anangoja, na yule wa mwisho anashusha mchi mara moja tu, kwa nguvu. Nilikuwa nimetwanga maisha yangu yote nikiwa ndani ya hesabu ile. Nilitamani kulia na kucheka pamoja.

Mwenyekiti alichelewa kukubali. "Tangi moja zaidi, la mwisho. Likipasuka tena, mkutano ukikaa sitawatetea." Alikuja na shati la kijani.

"Mbona tusianze kwa kufungua Kilimani?" akauliza. "Hao ndio tunaowatafutia."

"Kilimani mmeifungua peke yake mara nyingi, ikakataa," Mwalimu akasema. "Huenda inapata maji kwa mlango wa mtu mwingine. Tukiruka hata moja, mwenyekiti, ndiyo hiyo itakayokuwa yenyewe."

Tukaanza. Safari hii ilikuwa kazi ninayoijua. Geuza moja, subiri, weka nondo, sikiliza, bomba limetulia, piga simu. "Nesi?" "Kimya." Majengo. "Nesi?" "Kimya, dada." Sokoni. Kimya. Majengo. Kimya. Mtakuja ikafunguliwa, kimya. Mzee Chilumba anaimba orodha yake polepole, jasho linamtiririka. Mwalimu anageuza kandambili ili tusipotee njia. Majengo, Sokoni, Majengo. Sasa Mtakuja ilikuwa wazi peke yake, kama siku yoyote ya zamu yao.

"Kilimani," akasema Mzee.

Kwa hesabu ya kawaida, hapa ndipo tungegeuza vali zote nne kwa mpigo. Nilishika moja. Nikaizungusha robo, nikangoja. Robo nyingine, nikangoja. Ilipokuwa wazi yote nikaweka nondo sikioni, na chini kule kitu kikaanza kupetwa. Mchele mwingi, mwingi, unapetwa na mikono isiyochoka.

Simu ikalia kabla sijapiga.

"Fundi! Linakohoa!"

"Linakohoaje, Nesi?"

"Linakohoa upepo... linatema kutu... jamani... Fundi, ni jekundu... linasafika... Maji! Maji haya, dada, maji!" Kisha hatukusikia maneno tena, tulisikia maji yakipiga ndoo, na watu wengi wakipiga vigelegele kwa pamoja.

Mwenyekiti akakaa chini kwenye udongo na shati lake la kijani. Mwalimu Tekla akasema, kwa sauti ndogo, "Tumalizie zilizobaki." Mzee akamwambia, "Mwanangu, hebu kaa kwanza ufurahi." Tulimalizia baadaye, maana Mwalimu alisema kweli: huenda ingekuwapo namna bora. Haikuwapo. Ukiongeza Majengo au Sokoni, ambao wako chini, maji huwakimbilia wao na Kilimani hubaki na utepe mwembamba. Ilitaka Kilimani na Mtakuja pamoja, na wengine wapumzike.

Sababu tuliikuta kesho yake kwa jembe. Wachimbaji walikutana na mwamba, wakachoka nao, wakalipindisha bomba la Kilimani hadi kwenye mtaro wa Mtakuja, wakaliunganisha na bomba la Mtakuja, kisha mbele zaidi wakalitoa tena lipande. Ndiyo maana nondo yangu ilisikia udongo: nilisikiliza mahali pasipo na bomba. Vali moja ikifunguliwa peke yake, maji yote yalishuka Mtakuja kabla hayajafikiria kupanda, na wao hawakuuliza yametoka wapi. Mbili zikifunguliwa pamoja, bomba linashiba, na kinachozidi kinapanda kilima.

Mnaona tatizo lililobaki. Ili Kilimani wapate, lazima wachote siku moja na Mtakuja, na Mtakuja wangepungukiwa. Mkutano ukakaa. Majembe yalikuwa yameletwa, yameegemezwa ukutani. Mwenyekiti akaeleza, nikaeleza, Mwalimu akachora. Kisha akasimama Bi Mwanahawa wa Mtakuja, mwanamke mrefu, anayejua kuvaa kanga na kujua kukataa.

"Mimi sikusoma hizo sifuri," akasema. "Nauliza neno moja. Zamu ya Mtakuja ni ya nani?"

"Ya Mtakuja, Bi Mwanahawa."

"Basi. Nimemaliza."

Watu wa Mtakuja wakaguna kumuunga mkono. Niliona Nesi Fatuma anatazama chini. Mwenyekiti akaanza kutazama majembe. Hapo ndipo Mzee Chilumba akainuka na viatu vyake visivyofanana.

"Mwanahawa, binti yako Rukia hali yake inaendeleaje?"

"Mzito. Anakaribia. Unauliza ya nini mbele za watu?"

"Atajifungulia wapi?"

Bi Mwanahawa akamtazama Nesi Fatuma. Akajifunga kanga upya, kama mtu anayetafuta muda.

"Wewe mzee ni mshari tangu ujana wako," akasema. "Haya. Ila tuchanganye zamu zote mbili: ya kwetu tuchote pamoja, na ile ya Kilimani nayo tuchote pamoja. Si wao waje kwetu tu, na sisi twende kwao. Na tusisikie Majengo wanafungua kisirisiri."

"Vali nitakazoshika ni mbili," nikasema, "moja baada ya nyingine."

Yaani Bi Mwanahawa alikuwa amepata siku mbili za nusu badala ya siku moja kamili ya haki yake, na Kilimani vilevile. Mwalimu Tekla alininong'oneza kwamba mama yule anajua hesabu kuliko anavyokiri. Wakapiga kura kwa mikono. Vijana wakarudi nyumbani na majembe yao, yaliyonolewa vizuri, wakapalilia mikorosho.

Hamtahitaji mpangilio ule kila siku. Wenye mabomba mapya wanaweza kufunga na kufungua kwa simu, wakiwa kitandani. Lakini siku mtakapokutana na kitu kilichokataa kila mlichojaribu, andikeni kwanza mlichojaribu kweli, muone ni namna ngapi ambazo hazikuwapo kwenye desturi yenu. Halafu zipiteni zote, hatua moja, mkisubiri bomba litulie. Ukigeuza kitu kimoja na hali ikabadilika, unajua ni nini kilichoibadilisha. Ukigeuza vitatu, unachopata ni shati chafu la Mwenyekiti.

Rukia alijifungua siku ya mchanganyiko, mchana, mtoto wa kike. Nilikuwa pale kukagua kiungo, mama yake naye alikuwa mlangoni. Nesi Fatuma akafungua bomba la ndani, maji yakaja kwa nguvu, meupe, akamwosha mtoto akilia kwa haki yake yote. Bi Mwanahawa akasogea, akakinga kiganja chini ya bomba, akaonja. Akatafuna yale maji kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

"Haya," akamwambia mjukuu wake, "ni maji ya Mtakuja."